Mjukuu Wangu na Darasa la Wenye Vipaji

Wazazi wenzangu, mimi ni mwalimu mstaafu. Nilianza kufundisha shule ya msingi mwaka 1972, nikaweka chaki chini mwaka 2010. Katika miaka hiyo 38 nilijiona kuwa najua sana mambo mawili: namna ya kumtambua mtoto mwenye akili, na namna ya kumsukuma. La kwanza nililijua kweli. La pili sikulijua, na aliyekuja kunifundisha ni mtoto wa miaka 9, mjukuu wangu mwenyewe, katika nchi ya mbali. Nimeona yafaa niwasimulieni, maana huku kwetu nako kila shule ina watoto wa namna hiyo, na sisi wazazi tukiambiwa kwamba mtoto ni mwepesi hufurahi kwanza, kufikiri kukafuata baadaye.

Binti yangu anafanya kazi ya uuguzi Marekani, katika jimbo la Maryland. Mwezi wa Septemba 2018, yeye na mumewe waliniita nikae nao miezi sita, nikawaone wajukuu. Nilipofika nilikuta nyumba imejaa furaha. Barua moja ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa jokofu, mahali ambapo kila aingiaye hana budi kuiona. Ilisema kwamba mjukuu wangu wa kwanza, aliyekuwa ameanza darasa la nne wiki chache tu zilizopita, alikuwa amechaguliwa kuingia katika darasa la watoto wenye vipaji.

"Baba," binti yangu aliniambia, "katika darasa lake la zamani wamechukuliwa wawili tu."

Nami nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Nilimwita mjukuu, nikampa mkono kama mtu mzima, nikamwambia, "Hongera, mwenzangu. Damu ya mwalimu haipotei." Alitabasamu, lakini nakumbuka hakujibu neno.

Huenda msomaji ataniuliza, darasa hilo ni la namna gani? Marekani hakuna sheria moja ya nchi nzima inayolazimisha shule kuwa nalo. Kila jimbo na kila wilaya ya elimu hujipangia. Kule binti yangu anakokaa, watoto hupimwa wakiwa darasa la tatu. Waliochaguliwa huhamishwa, wakaanza darasa la nne katika shule nyingine, pamoja na wenzao waliochaguliwa kutoka shule nyingi za jirani. Humo masomo huenda mbio zaidi, na mambo huchimbwa zaidi. Si jambo baya. Mtoto aliyekwisha kuelewa hesabu tangu Jumatatu, ukimkalisha akiisikiliza mpaka Ijumaa, atalala au atawachokoza wenzake. Sisi walimu twalijua hilo.

Karibu na nyumba palikuwa na maktaba ya watu wote, nami mchana, wenyeji wangu wakiwa kazini, nilikwenda kusoma. Nilitaka kujua desturi hiyo ilitoka wapi. Niliona kwamba mwaka 1905, huko Paris, mtaalamu Alfred Binet pamoja na mwenzake Simon walitunga kipimo cha akili za watoto. Nia yao haikuwa kuwatafuta walio mbele, bali kuwatambua waliobaki nyuma ili wapewe msaada. Wamarekani wakakichukua kipimo hicho, na mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Stanford, Lewis Terman, akakitengeneza upya mwaka 1916. Kuanzia mwaka 1921 alikusanya watoto wa California wapatao 1,500 waliopata alama za juu kabisa, na habari zao zikafuatiliwa mpaka uzeeni. Halafu, tarehe 4 Oktoba 1957, Warusi walirusha Sputnik angani. Wamarekani wakashtuka, na mwaka 1958 wakatunga sheria ya kutoa fedha nyingi kwa elimu ya sayansi, hesabu na lugha, na kwa kuwatafuta vijana wenye uwezo. Basi utaona kwamba mara nyingi wakubwa walipomtafuta mtoto mwenye akili walikuwa na haja zao wenyewe. Swali la mtoto mwenyewe anahitaji nini lilikuja nyuma.

Nirudi kwa mjukuu wangu. Wiki za kwanza mambo yalikuwa mazuri. Alirudi na habari za sayari, za vipepeo wanaohama, za mifereji ya maji ya watu wa kale. Kulikuwa na mvulana mwenzake aliyependa ramani kama yeye, nao wakabadilishana ramani kama watoto wa huku wanavyobadilishana gololi. Hapo kwanza, mama yake aliniambia, hakuwa na mtu wa kuzungumza naye habari za ramani. Wenzake walikuwa wakimcheka. Hili nalisema kwa haki, ili asije mtu akadhani nimekuja kuvunja sifa ya darasa lile.

Lakini ilipofika Novemba nilianza kuona jambo jingine. Basi la shule lilimchukua saa mbili kasorobo asubuhi, likamrudisha saa kumi na nusu jioni, maana shule mpya ilikuwa mbali. Huko Maryland wakati wa baridi jua huzama mapema sana. Ikifika saa kumi na moja jioni ni giza. Mtoto alishuka katika basi, akala kipande cha mkate amesimama, akafungua mkoba. Zilikuwamo karatasi za hesabu, maswali 20. Kilikuwamo kitabu cha kusoma dakika 30, na mzazi atie sahihi kwamba kimesomwa. Kulikuwa na insha. Tena kulikuwa na kazi kubwa ya wiki kadhaa, ya kutengeneza mfano wa ghuba ya Chesapeake na mito inayoingia humo, kwa maboksi na rangi. Alikaa mezani mpaka saa tatu usiku. Siku nyingine nilimkuta saa nne, kichwa kimelala juu ya daftari, penseli bado mkononi.

Chini yetu, katika nyumba ile ile ya ghorofa, ilikaa familia iliyotoka El Salvador. Walikuwa na mvulana wa umri wake. Tangu darasa la kwanza watoto hao wawili walikwenda shule pamoja na kurudi pamoja, na jioni walipiga mpira katika kiwanja kidogo cha nyuma. Nilipofika, kila jioni yule mtoto alipanda ngazi, akagonga mlango, akauliza kama mwenzake anaweza kutoka. Mama alijibu kwa upole, "Bado ana kazi." Oktoba aligonga kila siku. Novemba aligonga Jumatano na Ijumaa. Desemba hakugonga tena. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu na blanketi magotini, nikasikia nyayo zake zikipita kwenye ngazi bila kusimama mlangoni petu. Mjukuu wangu naye alizisikia. Aliinua kichwa, kisha akakiinamisha tena.

Jumamosi moja alitoka kucheza. Alirudi baada ya nusu saa. Nilimwuliza, "Mbona mapema, bwana mdogo?"

"Wananiita Profesa, Babu."

"Si jina zuri hilo?"

"Si zuri wanavyolisema."

Na huko shuleni je? Huko, watoto wote walikuwa wa kwanza walikotoka. Kila karatasi iliporudishwa waliulizana, "Wewe umepata ngapi?" Mjukuu wangu, ambaye hakuwahi kushindwa na mtu, akajikuta wa kumi, wa kumi na mbili. Jioni moja aliniambia kwa sauti ndogo, "Babu, mimi nilikuwa na akili zamani." Miaka 9, naye anasema "zamani"! Baadaye maktabani nilisoma kwamba wataalamu wawili, Herbert Marsh na mwenzake, waliowachunguza watoto wa shule huko Sydney, Australia, walilieleza jambo hili mwaka 1984: mtoto yule yule, mwenye uwezo ule ule, hujiona hodari akiwa kati ya watoto wa kawaida, akajiona dhaifu akiwekwa kati ya hodari watupu. Akili haikupungua hata chembe. Kilichobadilika ni wale waliomzunguka.

Sasa nafika kwenye karatasi. Ilikuwa katikati ya Januari 2019. Binti yangu alirudi kazini akakuta ujumbe kutoka kwa mwalimu: alama za mtoto katika hesabu zimeshuka sana, wazazi waangalie. Alikasirika, akamwamuru mtoto alete karatasi. Kati ya maswali 20 alikuwa amekosa 11. Mama akaanza kusema maneno ambayo wazazi wote twayajua: tunajinyima kwa ajili yako, nafasi hii wengine wanaililia, kadhalika na kadhalika. Mtoto alisimama kimya akitazama sakafu.

Nilimwomba binti yangu anipe ile karatasi. Nimesahihisha madaftari miaka 38, na kuna kitu macho yangu yalikiona kabla sijakielewa. Swali moja lilikuwa 36 mara 24. Jibu lililoandikwa lilikuwa 846. Jibu lake ni 864. Niliipeleka karatasi karibu na taa, nikaiinamisha kidogo. Chini ya 846 palikuwa na alama ya penseli iliyofutwa kwa raba. Ilikuwa 864. Nikatazama swali la pili, la tatu, nikamaliza yote 11. Majibu yote alikuwa ameyapata. Kisha ameyafuta moja moja, akaandika makosa.

Mwalimu mzee hulijua kosa la mtoto asiyejua, na hulijua kosa la mtoto anayejua. Sikusema kitu mbele ya mama yake. Usiku, wakati wa kulala, nilikwenda nikaketi kando ya kitanda chake.

"Mwenzangu," nilimwambia, "nimeona chini ya raba."

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akalia, lakini kwa kujizuia, ili mama asisikie. "Kuna mtoto mmoja alikuwa anakosa sana," alisema. "Wakamrudisha shule yake ya zamani. Nami nikikosa sana watanirudisha."

"Hulipendi darasa?"

"Nalipenda, Babu. Lakini silipendi kila siku mpaka usiku."

Wazazi wenzangu, usiku ule sikulala. Halikuwa jambo la mjukuu peke yake lililonikosesha usingizi, bali lilikuwa la mtoto mwingine, wa huku nyumbani Uchagani, wa mwaka 1984.

Wakati ule nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Shule nyingi za msingi zilitoa mmoja au wawili, na mwaka mwingine hakuna hata mmoja. Mimi nilikuwa kijana mwenye ari. Nilichagua watoto sita wa darasa la sita walio wepesi kuliko wote, nikawakalisha kwenye dawati la mbele, mbali na wenzao. Kengele ya mwisho ikilia, wenzao walikwenda nyumbani, wao wakabaki nami mpaka saa kumi na mbili. Kisha niliwapa hesabu 20 za kufanyia nyumbani. Kati yao alikuwapo mvulana mmoja ambaye nilimtumaini kuliko wote. Hesabu za kichwa alinijibu kabla sijamaliza kuuliza. Katika muhula wa pili akaanza kukosa, tena makosa ya ajabu. Nilimwona mvivu. Nilimwona mtu anayeidharau bahati yake. Nikampiga viboko vinne mbele ya darasa, na juma lililofuata nikamwondoa kwenye dawati la mbele. Hakuchaguliwa sekondari. Sikuwahi kumwuliza swali hata moja. Wala sikuwahi kuishika karatasi yake karibu na taa.

Waswahili husema ng'ombe haelemewi na nunduye. Nilipenda sana kuutumia msemo huo nilipokuwa mwalimu: mtoto mwenye akili haelemewi na akili yake, basi mwongezee. Usiku ule Maryland nilielewa kwamba methali ina kweli, ila mimi nilikosea nundu. Akili ndiyo nundu ya ng'ombe, ameota nayo. Maswali 20 ni gunia ambalo mimi nimemtwika.

Asubuhi nilimweleza binti yangu. Hakukubali kwa urahisi. Aliniambia, "Baba, si wewe uliyetulea hivyo? Mimi ulinifungia ndani na vitabu, wenzangu wakicheza. Leo niko hapa."

Nilimjibu, "Nilikufungia, mama, ni kweli. Lakini mlikuwa wanne kwenye meza moja na taa moja, mkigombana na kuchekana. Huyu yuko na nani mezani?"

Alinyamaza. Kisha akachukua ile karatasi akaipeleka dirishani, akaitazama mwenyewe. Nilimwona akiweka mkono mdomoni.

Juma lile lile tulikwenda shuleni, sisi wawili na mtoto. Nilitegemea kumkuta mwalimu mkali. Kumbe alikuwa mwanamke kijana, mwenye adabu nyingi, naye alishangaa kuliko sisi. Alidhani kazi aliyotoa humchukua mtoto nusu saa. Lakini mwalimu wa hesabu alikuwa mwingine, naye pia alihesabu nusu saa yake, na ile kazi ya ghuba haikuhesabiwa na mtu yeyote. Tena mjukuu wangu alikuwa na tabia ambayo hatukuitambua: kila akikosa herufi moja katika insha alifuta mstari mzima akaandika upya, kwa kuogopa kuonekana mdogo mbele ya wenzake. Kazi ya nusu saa ikawa ya saa mbili. Hapakuwa na mtu mbaya katika habari hii. Palikuwa na watu wema watatu au wanne, kila mmoja akiweka kuni chache kichwani pa mtoto, na hakuna aliyeupima mzigo mzima.

Hapo ndipo nililitaja jambo nililolisoma maktabani. Mtaalamu Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, ambaye alikusanya uchunguzi mwingi juu ya kazi za nyumbani, alionyesha mwaka 2006 kwamba faida yake kwa watoto wa shule za msingi ni ndogo sana ikilinganishwa na faida kwa vijana wa sekondari. Na walimu wengi wa Marekani wanaijua kanuni ya dakika 10 kwa kila darasa: la kwanza dakika 10, la pili 20, hivyo la nne dakika 40 kwa masomo yote pamoja. Tena si ugomvi wa leo. Mwaka 1901 jimbo la California lilitunga sheria ya kuzuia kazi za nyumbani kwa watoto wa chini ya miaka 15. Baadaye sheria hiyo ikafutwa. Mwalimu alicheka, akasema kanuni ya dakika 10 anaijua, ila katika darasa la wenye vipaji wazazi wenyewe huja kudai kazi nyingi zaidi. Binti yangu akainama.

Tulikubaliana hivi. Mtoto afanye kazi dakika 40, saa iwe mezani. Zikiisha, mzazi atie sahihi, na kilichobaki kibaki. Katika hesabu aanze na maswali matano magumu kuliko yote. Akiyapata, yale 15 ya namna ile ile hana haja nayo. Ijumaa pasiwe na kazi. Mwalimu akaongeza lake: akaacha kuandika alama juu ya karatasi, akawa anaandika maneno tu, ili watoto wasipate cha kuulizana.

Kisha mwalimu alimwuliza mtoto mwenyewe kama anataka kurudi shule ya zamani. Alifikiri, akasema atabaki, kama Ijumaa ni kweli.

Ijumaa ilikuwa kweli. Mjukuu wangu alishuka ngazi mwenyewe, akagonga mlango wa wale jirani. Sitawadanganya kwamba mambo yalirudi kama zamani. Yule mtoto alikuwa amekwisha kupata mwenzake mwingine wa kucheza naye, kwa hiyo sasa walicheza watatu, na mjukuu wangu ndiye aliyekuwa akikaribishwa. Urafiki wa watoto haungoji. Lakini alipigwa na mpira usoni katika theluji, akarudi na pua nyekundu, akala sahani mbili za wali. Alama za hesabu zilirudi bila mtu kuzitaja tena.

Nilirudi nyumbani mwezi Machi 2019. Nilikuwa na deni, nami nikaogopa nisije nikafa nalo. Yule mvulana wa mwaka 1984 sasa ni mtu mzima, fundi mwashi, anakaa mwendo wa nusu saa kutoka kwangu. Nyumba nyingi za kijiji chetu amezijenga yeye. Nilimkuta juu ya jukwaa akipanga matofali. Aliponiona alishuka, akanawa mikono, "Shikamoo, Mwalimu." Tulikaa chini ya mgomba, nikamwambia kilichonileta.

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na chuki. Akasema, "Mwalimu, kazi za nyumbani nilikuwa nazo tayari."

Kisha akanieleza. Mwaka ule mama yake alikuwa mgonjwa. Ng'ombe wawili walikuwa ndani, na majani yalikatwa tambarare, mwendo mrefu. Yeye alipobaki nami mpaka saa kumi na mbili, aliyekwenda kukata majani ni dada yake wa miaka 8, peke yake, akarudi usiku na mzigo kichwani. "Tena wenzangu waliacha kunipitia asubuhi," aliongeza. "Waliniona nimekuwa wa kwako." Basi akaanza kukosa makusudi ili nimwondoe. Viboko vinne, alisema, vilikuwa bei nafuu.

Nilimwomba msamaha. Ni neno zito kwa mzee kumwambia mtu aliyekuwa mwanafunzi wake, lakini nililisema. Naye alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitazamia. Mtoto wake wa kiume alikuwa darasa la tano, mwepesi kama baba yake. Shule ilikuwa imewachagua watoto wachache wabaki kila jioni kwa masomo ya ziada. "Nimkubalie au nimkatalie? Wewe unasemaje, Mwalimu?"

Siku zile za zamani ningejibu kabla hajamaliza. Sasa nilimwambia twende tukamwulize mtoto, kisha twende shuleni. Tulikwenda. Mtoto alisema anataka kubaki, ila anaogopa njia ya kurudi gizani. Mwalimu mkuu alitusikiliza vizuri. Ikaamuliwa kwamba watabaki siku mbili kwa juma, si tano, na wataachwa mapema jua likiwa bado. Na siku hizo mbili baba atakata majani mwenyewe.

Nanyi wazazi, mkiambiwa kwamba mtoto wenu amechaguliwa, furahini, maana ni habari njema. Lakini baada ya furaha ulizeni mambo matatu. Kwanza, ataongezewa nini, na ni nani atakayehesabu jumla ya mizigo yote, ya daftari na ya nyumbani? Lugha yetu imeziita zote mbili kazi za nyumbani, na mtoto huzibeba kwa kichwa kimoja. Pili, ataacha nini? Akipewa saa mbili za vitabu, zimetoka wapi: katika usingizi, katika mchezo, au mgongoni kwa dada yake? Tatu, atatembea na nani? Mtoto hodari naye ni mtoto, na anahitaji mtu wa kumpitia asubuhi.

Tena msiwahuzunikie mno ambao hawakuchaguliwa. Katika wale watoto waliopimwa kwa ajili ya uchunguzi wa Terman, wawili walioachwa nje kwa kukosa alama walikuwa William Shockley na Luis Alvarez. Wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobel ya Fizikia, Shockley mwaka 1956 na Alvarez mwaka 1968. Shockley ni mmoja wa watu watatu walioituzwa kwa transista, kile kidude kilichotuwezesha vijijini kusikiliza redio kwa betri.

Mjukuu wangu sasa ni kijana, amenipita kwa kimo. Juzi alinipigia simu. Nilimwuliza habari za masomo, akanijibu kwa kifupi kwamba ni mazuri. Kisha akanieleza kwa kirefu habari za mpira, na nani alifunga, na nani alianguka. Nilimsikiliza mpaka mwisho.